Steringi Akiwa Mwanamke

Mwaka 1935, mjini Bombay, ndugu wawili wa Kiparsi, Jamshed na Homi Wadia, walikuwa na picha iliyokamilika ambayo wasambazaji hawakutaka kuigusa. Tatizo lilikuwa steringi. Alikuwa mwanamke, tena mzungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kaptura, buti, kinyago usoni na mjeledi mkononi, na kazi yake katika picha ilikuwa kuwachapa wanaume. Wasambazaji walihofu kwamba watu hawatakubali. Ndugu wale wakaamua kuitoa wenyewe. Hunterwali ikajaza ukumbi wiki baada ya wiki, na studio yao ya Wadia Movietone ikapata riziki ya miaka mingi.

Kisa hiki nimekitanguliza kwa sababu historia ya picha za mashujaa wa kike imekwenda kwa mwendo huohuo karibu kila mahali: wenye fedha wanasita, watu wanajaa ukumbini, wenye fedha wanashangaa, kisha wanasahau. Baada ya miaka kadhaa wanasita upya, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Hollywood ndiyo bingwa wa kusahau, lakini Bombay na Hong Kong nazo zilisahau kwa zamu zao.

Kabla ya sauti, 1914–1931

Jamshed Wadia alikuwa mpenzi mkubwa wa picha bubu za Marekani, na huko wanawake wa hatari walikuwapo tangu zamani. Mwaka 1914 kampuni ya Pathé ilitoa The Perils of Pauline, hadithi ya sehemu 20 iliyomfanya Pearl White ajulikane dunia nzima. Mwaka huohuo ikaanza The Hazards of Helen, iliyofikisha sehemu 119 kabla ya kukoma mwaka 1917. Humo mwanamke wa stesheni ya reli anafukuzana na majambazi juu ya mabehewa. Magazeti yalichapisha hadithi hizi sambamba na picha zenyewe: msomaji akinunua gazeti atataka kuona, na akiona atataka kusoma. Wasomaji waliolengwa walikuwa wanawake, basi steringi akawa mwanamke. Hapakuwa na falsafa zaidi ya hiyo.

Shanghai nayo ilikuwa na homa yake. Mwaka 1928 kampuni ya Mingxing ilitoa The Burning of the Red Lotus Temple, picha ya wapiga panga na wachawi, ikafuatiwa na sehemu nyingine chungu nzima. Katika wimbi hilo alitokea Fan Xuepeng, aliyeigiza Red Heroine mwaka 1929. Binti wa kijijini anatekwa na wanajeshi, bibi yake anakufa, mzee mwenye elimu ya siri anamfunza, naye anarudi akiwa na upanga na uwezo wa kupaa angani. Ukiondoa nguo na lugha, huo ndio mchoro wa nusu ya picha za mashujaa tunazoziona leo. Serikali ya Uchina ilizipiga marufuku picha hizo mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikidai zinaeneza ushirikina. Elimu ikahamia Hong Kong, ikakaa huko ikisubiri siku yake.

Binti wa mwanajeshi, 1935–1968

Jina alilozaliwa nalo nyota wa Hunterwali lilikuwa Mary Ann Evans. Alizaliwa Perth, Australia, mwaka 1908, akafika Bombay akiwa mtoto wa miaka mitano kwa kuwa baba yake alikuwa katika jeshi la Uingereza. Baba akafa katika Vita Kuu ya Kwanza. Peshawar, karibu na mpaka wa Afghanistan, ndiko alikojifunza kupanda farasi. Aliporudi Bombay aliuza dukani, akacheza dansi jukwaani, akaingia sarakasi. Mpiga ramli mmoja wa Kiarmenia alimwambia nyota yake itang'aa akichukua jina linaloanza na N. Akawa Nadia.

Jamshed Wadia alipomwajiri alikuwa na ombi: ajiite Nanda Devi na avae nywele bandia za msuko, ili afanane na binti wa Kihindi. Nadia alikataa yote mawili. Mwajiri mwingine angemwonyesha mlango. Wadia alimjaribu kwanza katika sehemu ndogo ndogo, akaona watazamaji wanampenda, kisha akamtungia picha nzima.

Katika Hunterwali yeye ni Madhuri, binti wa mfalme. Waziri dhalimu anamfunga mfalme, na binti anavaa kinyago usiku kuwatetea wanyonge. Bodi ya ukaguzi ya watawala wa Kiingereza isingeruhusu hotuba ya uhuru, lakini haikuwa na la kusema juu ya waziri wa kubuni anayecharazwa mjeledi na binti mfalme wa kubuni. Aliyekaa kiti cha bei nafuu alijua vizuri waziri ni nani. Ajabu yake ni kwamba aliyembebea hasira ile kwenye pazia la sinema alikuwa mwenyewe binti wa askari wa himaya.

Hatari za kwenye picha alizicheza mwenyewe. Katika Miss Frontier Mail, mwaka 1936, anapigana juu ya paa la treni inayokwenda. Anawanyanyua wanaume mabegani na kuwatupa. Miaka michache baadaye akaigiza na simba. Farasi wake katika picha aliitwa Punjab Ka Beta, mwana wa Punjab, na mkweche wa gari lake uliitwa Rolls Royce Ki Beti, binti wa Rolls Royce. Katika Diamond Queen ya mwaka 1940 anasimama katikati ya vurugu na kusema wazi kwamba nchi haiwezi kuwa huru ikiwa wanawake wake hawako huru. Dakika moja baadaye anarudi kugawa ngumi. Mchanganyiko huo wa hotuba na ngumi ulimkaa vizuri kuliko ulivyomkaa yeyote aliyemfuata.

Uhuru ulipokuja mwaka 1947 mambo yaligeuka. Sinema iliyohesabiwa kuwa ya heshima ilikuwa ya machozi, familia na nyimbo. Picha za mapigano zikaachiwa watu wa viti vya mbele. Mwanamke mwenye bunduki aliyebaki katika kumbukumbu za wengi ni Nargis wa Mother India, 1957, picha iliyopendwa mno katika majumba ya sinema ya pwani yetu, kuanzia Zanzibar hadi Mombasa. Lakini huyo ni mama: silaha anaishika mara moja, tena kwa kumpiga risasi mwanawe mwenyewe. Mjeledi ulikuwa umekwisha kutundikwa ukutani. Nadia aliolewa na Homi Wadia, akaigiza mara ya mwisho mwaka 1968, akafariki mwaka 1996.

Bangili za Olive Byrne, 1941–1979

Huko Marekani shujaa wa kike alihamia kwenye vitabu vya katuni. Mwishoni mwa mwaka 1941, jarida la All Star Comics, toleo la 8, lilimtambulisha Wonder Woman. Mtunzi wake, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi shinikizo la damu linavyopanda mtu anaposema uongo. Haishangazi kwamba shujaa wake ana kamba ambayo anayefungwa nayo hulazimika kusema kweli. Mchoraji alikuwa H. G. Peter. Nyumbani kwa Marston kulikuwa na wanawake wawili, mkewe Elizabeth na Olive Byrne, wote wakiishi naye na kumzalia watoto. Olive alivaa bangili pana mikononi, na kutoka kwake zikatoka zile bangili za kuzuia risasi. Mama yake mkubwa, Margaret Sanger, alikuwa mpiganiaji maarufu wa haki ya uzazi wa mpango.

Kilichofuata kinachekesha na kuudhi kwa pamoja. Mwaka 1942 Wonder Woman alikaribishwa kwenye chama cha mashujaa wenzake, wote wanaume isipokuwa yeye, wakampa kazi ya ukatibu. Wanaume wanakwenda kupambana na adui, yeye anabaki na kumbukumbu za kikao. Marston alifariki mwaka 1947 na shujaa wake akaangukia mikononi mwa waliojali zaidi ataolewa na nani. Mwaka 1968 walimnyang'anya nguvu zake kabisa, wakamfungulia duka la nguo.

Zilizomtoa dukani ni harakati za wanawake. Mwaka 1972 jarida la Ms., lililoanzishwa na Gloria Steinem na wenzake, lilimweka Wonder Woman kwenye jalada akiwa jitu linalovuka mji. Mwaka uliofuata wachapishaji walikuwa wamemrudishia nguvu zake. Kutoka hapo hadi kwenye televisheni haikuwa mbali. Lynda Carter alimwigiza kuanzia 1975 hadi 1979, huku Jeannie Epper akichukua matukio mengi ya hatari kwa niaba yake. Mabinti walizunguka vyumbani mwao wakijigeuza mashujaa, lakini sinema haikuwa na habari. Superman aliruka kwenye pazia kubwa mwaka 1978. Dada yake huyu angesubiri karibu miaka 40.

Nyumba ya wageni ya King Hu, 1966–2000

Uchina ulikuwa na hazina ambayo Hollywood haikuwa nayo. Katika opera ya Beijing kuna nafasi maalumu ya mwanamke mpiganaji, na waigizaji hufunzwa kuicheza tangu utotoni. Hadithi za Mulan na za jemadari Mu Guiying watoto walizisikia kama sisi tulivyosikia za sungura na fisi. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumweleza mtazamaji kwa nini mwanamke ana upanga.

King Hu, mzaliwa wa Beijing aliyehamia Hong Kong, alilijua jukwaa hilo. Mwaka 1966, chini ya studio ya Shaw Brothers, aliongoza Come Drink with Me akimtumia Cheng Pei-pei, binti wa miaka 20 aliyesomea dansi. King Hu alitaka mtu anayejua mdundo kuliko mtu anayejua kupiga, kwa sababu mapigano yake yalipangwa kama ngoma: kimya kirefu, pigo moja, kimya tena.

Itazame ile sehemu ya nyumba ya wageni. Cheng amevaa mavazi ya kiume, amekaa mezani peke yake na kinywaji chake. Majambazi wanaingia mmoja mmoja, wanajaza viti, wanaanza kumchokoza. Hainuki. Jicho lake tu ndilo linalohama. Mtazamaji anajua damu itamwagika, naye King Hu anamsubirisha, anamsubirisha tena, mpaka ukumbi mzima unaishiwa pumzi. Mpaka leo waongozaji wengi wa picha za mapigano hawajajifunza subira ile. Wanaanza na kishindo na kumaliza na kishindo.

Picha hiyo ina kasoro moja, nayo ilikuwa dalili. Katika nusu ya pili anatokea mlevi mwenye elimu kubwa ya mapigano, na pambano la mwisho linakuwa lake. Studio iliona mlango huo, ikaupanua. Mwaka 1967 mwongozaji Chang Cheh alitoa The One-Armed Swordsman, iliyovunja rekodi ya mapato ya Hong Kong. Yeye alitaka wanaume, jasho na damu. Mwaka 1968 alitengeneza mwendelezo wa kisa cha Cheng, ukiitwa Golden Swallow kwa jina la mhusika wake, lakini aliyebeba picha ni Jimmy Wang Yu. Jina la mwanamke kwenye bango, pambano la mwanaume ndani. Bruce Lee alipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Katika Enter the Dragon, 1973, Angela Mao, mpiganaji hodari aliyetoka katika shule ya opera, anapewa dakika chache tu: ni dada wa Bruce Lee, anafukuzwa na genge, anawapiga wengi, mwisho anajiua ili wasimkamate. Kifo chake kinampa kaka yake sababu ya kulipiza kisasi. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi waliotoka ukumbini wakirusha mateke walikuwa wanamwiga kaka.

Aliyeufungua mlango upya ni Michelle Yeoh, Mmalaysia wa Ipoh aliyesomea dansi ya ballet mpaka mgongo ulipomwumiza. Mwaka 1985 aliigiza Yes, Madam! akiwa polisi, na Hong Kong ikapata aina mpya ya picha za wanawake na bunduki. Katika Supercop ya mwaka 1992 aliirusha pikipiki na kutua nayo juu ya treni inayotembea. Mwaka uliofuata yeye, Anita Mui na Maggie Cheung walikuwa mashujaa watatu wa The Heroic Trio ya Johnnie To: vinyago, uwezo wa ajabu, jiji la kuokolewa, na mwanaume wa kuwaongoza hakuna. Ilikuwa imebaki robo karne kasoro mwaka kabla Hollywood haijaweza kusema imefanikiwa katika jambo hilohilo.

Kisha ikaja Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee, mwaka 2000. Iligharimu takriban dola milioni 17 na kuingiza zaidi ya milioni 200, ikachukua Oscar nne. Michelle Yeoh ni mmoja wa wapiganaji wake. Cheng Pei-pei, yule binti wa nyumba ya wageni, sasa ni adui: mwanamke aliyemuua bwana mkubwa wa upanga kwa sababu alimtaka kitandani lakini hakutaka kumfundisha. Kwa anayejua yaliyompata Cheng mwaka 1968, dhamira hiyo ina uchungu wake.

Hesabu ya samaki, 1984–2014

Hollywood nayo haikuwa tupu. Sigourney Weaver alikuwa ameigiza Alien mwaka 1979, akateuliwa kuwania Oscar kwa Aliens ya mwaka 1986. Linda Hamilton alitisha katika Terminator 2, 1991. Televisheni ikampa Lucy Lawless upanga wa Xena kwa misimu sita kuanzia 1995. Lakini hao walihesabiwa kuwa ni mambo ya anga, ya roboti, ya televisheni. Zile zenye shujaa wa kike wa katuni au wa hekaya zilihesabiwa kwenye daftari jingine, na daftari hilo lilikuwa jekundu: Supergirl, 1984, iliyogharimu dola milioni 35 na kuambulia takriban 14 huko Marekani; Red Sonja, 1985; Catwoman, 2004; Elektra, 2005.

Catwoman inastahili neno. Halle Berry alikuwa ametoka kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa Oscar ya mwigizaji mkuu. Wakampa bajeti ya dola milioni 100 hivi na suti ya ngozi iliyochanwachanwa, na adui wake akawa kampuni ya vipodozi yenye krimu ya uso inayodhuru. Batman anapigana na wanaotaka kuangamiza jiji. Huyu anapigana na krimu. Picha iliingiza dola milioni 82 duniani kote. Berry alipopewa tuzo ya dhihaka ya uigizaji mbovu alikwenda kuipokea mwenyewe, Oscar yake mkononi, akawachekesha waliotaka kumcheka.

Agosti 2014 Ike Perlmutter, mkuu wa Marvel, alimwandikia barua pepe fupi Michael Lynton wa Sony. Ilitaja picha tatu za mashujaa wa kike, Elektra, Catwoman na Supergirl, na kueleza jinsi zilivyokuwa hasara. Barua hiyo ilijulikana mwaka 2015 baada ya wadukuzi kuvamia mitambo ya Sony. Samaki mmoja akioza wote wameoza: ndiyo hesabu iliyokuwa inafanywa, ila ilifanywa kwa samaki wa kike peke yao. Green Lantern ilikuwa imeanguka kwa kishindo mwaka 2011 na hakuna aliyehitimisha kwamba wanaume hawauziki. Na Supergirl, ushahidi wa tatu, ilikuwa na umri wa miaka 30. The Hunger Games, iliyoingiza karibu dola milioni 700 mwaka 2012 na msichana mwenye upinde mbele, haikutajwa.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikuandikwa humo: midoli. Shane Black, mwongozaji wa Iron Man 3, alieleza mwaka 2016 kwamba adui mkuu wa picha ile alikusudiwa awe mwanamke, lakini agizo likaja abadilishwe kwa kuwa sanamu ya mwanamke haitauzika madukani. Mtoto wa kiume alifanywa mwamuzi wa hadithi bila kuulizwa.

Handaki la Ubelgiji, 2015–2017

Mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Mwaka 2015 kampuni ya Disney ilipanga upya Marvel, Kevin Feige wa upande wa filamu akaacha kuwajibika kwa Perlmutter. Bob Iger, mkuu wa Disney, ameandika katika kitabu chake kwamba ilibidi apige simu mwenyewe kuamuru vikwazo dhidi ya Black Panther na Captain Marvel viondolewe. Mwaka huohuo Warner Bros. ilimkabidhi Patty Jenkins picha ya Wonder Woman. Picha yake kubwa ya mwisho kwenye majumba ya sinema, Monster, ilikuwa ya mwaka 2003.

Kiini cha picha hiyo ni tukio moja. Ni mwaka 1918, ndani ya handaki la vita huko Ubelgiji. Mbele ni uwanja wa matope baina ya majeshi mawili ambao hakuna anayeuvuka. Diana, ndilo jina la Wonder Woman, anaambiwa haiwezekani, hawezi kuokoa kila mtu. Anafungua nywele, anavua joho, anapanda ngazi. Risasi ya kwanza anaizuia kwa bangili. Kisha anakwenda, kwanza kwa kutembea, halafu mbio, mpaka bunduki za rashasha zinamwelekea zote na yeye anapiga goti nyuma ya ngao akizibeba peke yake. Jenkins amesimulia kwamba wenzake hawakuelewa tukio hili: kama hapigani na mtu, anapigana na nini, na risasi? Ilimbidi achore mpangilio wake wote ili wamwelewe. Ni tukio ambalo Marston angelitambua mara moja, maana nguvu za shujaa wake zilikuwa za kuzuia kabla ya kupiga.

Wonder Woman, nyota wake akiwa Gal Gadot, ilifunguliwa Juni 2017 na kuingiza zaidi ya dola milioni 820 duniani. Lebanon iliipiga marufuku kwa kuwa Gadot ni Mwisraeli aliyetumikia jeshi. Miezi michache kabla yake, mwishoni mwa 2016, Umoja wa Mataifa ulikuwa umemfanya Wonder Woman balozi wa heshima wa wanawake na wasichana, kisha ukamwondoa kabla ya miezi miwili kutimia baada ya wafanyakazi wake wenyewe kulalamika. Walikuwa na hoja: wanawake wa kweli wenye sifa hizo hawakukosekana.

Wakanda na Dahomey, 2018–2022

Mmoja wa Waamazoni katika Wonder Woman ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani. Miezi minane baadaye alikuwa na mkuki mkononi, sasa akiwa Ayo wa kikosi cha Dora Milaje katika Black Panther ya Ryan Coogler. Kikosi hicho kiliingia kwenye katuni za Marvel mwaka 1998 kwa kalamu ya Christopher Priest, kikiwa cha mabinti walioandaliwa hata kuwa wake wa mfalme. Coogler aliufuta uchumba huo. Akampa Danai Gurira, aliyekulia Zimbabwe, ujemadari wa Okoye, na Lupita Nyong'o akawa Nakia, jasusi ambaye mfalme anamtaka naye ana kazi zake. Mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter alichota kwa Wamasai, Waturkana, Wahimba na wengineo, akapata Oscar.

Steringi kwa jina ni T'Challa. Lakini kumbuka nani anaiendesha vita ya mwisho: ni Okoye, anayesimama mbele ya faru wa kivita akiwa anamwelekezea mumewe mkuki, na mume ndiye anayepiga magoti. Picha iliingiza dola bilioni 1.3. Kisumu ilikuwa na onyesho lake Februari 2018, mji wa kaunti ambayo baba yake Lupita, Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wake. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na vibanda vya video vya Nairobi, ambako watafsiri wa jadi ya Lufufu na DJ Afro hupunguza sauti ya wazungu na kusimulia kwa lugha ya mtaa, utani na vikorombwezo juu yake, kulikuwa na steringi wa kike anayeonekana kama dada wa jirani.

Wakanda ni ya kubuni, Dahomey ilikuwapo. Ufalme huo, katika Benin ya leo, ulikuwa na jeshi la wanawake, Agojie, waliopigana na Wafaransa katika miaka ya 1890. Lupita Nyong'o alitangazwa mwaka 2018 kuwa ataigiza hadithi yao pamoja na Viola Davis. Baadaye alijitoa, lakini mwaka 2019 televisheni ya Uingereza, Channel 4, ilionyesha filamu yake ya hali halisi akiwa Benin akiwatafuta Agojie, na humo anakutana na jambo ambalo mavazi mazuri hayawezi kulifunika: jeshi hilo liliwateka watu waliouzwa utumwani. The Woman King ya Gina Prince-Bythewood, iliyotoka mwaka 2022, ililigusa suala hilo kisha ikalipindisha, ikamfanya jemadari wake aonekane mpinga utumwa. Kama picha ya mapigano ni nzuri sana. Sheila Atim, mzaliwa wa Uganda, anakaribia kuiiba kwa Viola Davis. Kama historia inastahili maswali iliyoulizwa. Bajeti ilikuwa dola milioni 50, mapato karibu mara mbili yake.

Bilioni moja na baada yake

Captain Marvel ilivuka dola bilioni moja mwaka 2019, ya kwanza ya shujaa wa kike kufanya hivyo. Kabla haijatoka, watu walikuwa wameishambulia mtandaoni kiasi kwamba tovuti ya Rotten Tomatoes ilibadilisha utaratibu wake wa maoni ya kabla ya onyesho. Kisha korona ikafunga majumba ya sinema. Scarlett Johansson aliishtaki Disney kwa kuitoa Black Widow mtandaoni na ukumbini siku moja, wakapatana. Agosti 2022 Warner Bros. iliitupa Batgirl ambayo ilikuwa imekwisha kupigwa, isionyeshwe popote, kwa hesabu za kodi. Novemba 2023 The Marvels ya Nia DaCosta ilitoka siku moja tu baada ya mgomo wa waigizaji kumalizika, nyota wake wakiwa hawajaruhusiwa kuitangaza kwa miezi, ikaingiza dola milioni 206, kiwango cha chini kuliko picha zote za mfululizo wake. Ile hesabu ya samaki ikasikika tena, ingawa The Flash, picha ya mwanaume, ilikuwa imezama miezi mitano kabla.

Wakati huohuo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kwingine, kwa fedha kidogo. Februari 2018, wakati Black Panther ikianza kuonyeshwa, Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Berlin. Ni picha ya Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza kuhusu Jo, msichana wa miaka tisa anayeumwa ugonjwa usiopona na anayependa picha za mashujaa. Dada yake anamshawishi kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinakubali kuigiza, mpaka wanatengeneza picha ambayo yeye ndiye steringi. Ilitayarishwa kwa ushirika na Ujerumani. Stycie Waweru, mtoto aliyemwigiza Jo, baadaye alitoa sauti ya Sema katika katuni ya Super Sema, iliyoanza YouTube Machi 2021 huku Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu.

Lusaka nayo ina wake. Malenga Mulendema wa Zambia alikuwa miongoni mwa washindi wa shindano la hadithi la studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini, na wazo lake likawa Supa Team 4, iliyoingia Netflix Julai 2023: wasichana wanne wa sekondari wanaoandikishwa na jasusi mstaafu, Mama K, kuilinda Lusaka ya wakati ujao. Studio iko Cape Town, mlipaji yuko California, na Mama K wa kwenye hadithi naye anaulinda mji kwa bajeti ndogo.